Programu ya wanafunzi bora chuoni: mlango ufunguliwe mwaka wa pili, na tutoe kazi ngumu badala ya marupurupu

#1 Mwalimu_Tudor

Salaam aleikum, na hamjambo nyote.

Nafundisha hesabu katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa Mombasa. Tuna programu ya wanafunzi bora wa shahada ya kwanza, na sasa imeundwa kamati ya kuisuka upya. Nimo ndani yake. Kabla rasimu haijapelekwa seneti nataka kuueleza msimamo wangu hapa, maana humu mna wazazi, makomredi, na watu wa bandarini na viwandani ambao ndio watakaowapokea vijana hawa.

Ilivyo sasa ni hivi. Wiki ya usajili, orodha ya waliopata A na A- katika KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari) hubandikwa ubaoni. Walio katika orodha hutangulizwa kupata chumba cha hosteli, huruhusiwa kuazima vitabu vingi zaidi maktabani, kila muhula hualikwa kumsikiliza mgeni mashuhuri, na siku ya mahafali hupewa cheti cha ziada. Hakuna hata somo moja wanalosomeshwa tofauti. Hakuna anayetoka, hakuna anayeingia. Ukiikosa orodha ya wiki ya kwanza umeikosa miaka yote 4. (Wala sizungumzii daraja la kwanza linaloandikwa kwenye shahada, lile la wastani wa 70 kwenda juu. Hilo lipo na litabaki.)

Tulikuwa tunasoma mifululizo na darasa la mwaka wa pili. Ukumbi umejaa, wengine wamesimama mlangoni, basi nikaeleza tu kwamba ukijumlisha 1 na nusu na theluthi na robo ukaendelea hivyo bila kikomo, jumla haitulii popote. Nikawapa kanuni, nikapita. Kesho yake akaja ofisini kijana aliyesoma shule ya kutwa kule Kinango, aliyeingia chuo kwa C+. Mkononi ana karatasi mbili alizochana kwenye daftari. Kanuni yangu hakuigusa. Alikuwa amezifunga zile sehemu mafungu mafungu: theluthi na robo fungu moja, kisha sehemu 4 zinazofuata, kisha 8, kisha 16, akaonyesha kwamba kila fungu linazidi nusu. Na nusu zikijumlishwa bila mwisho, zitakomea wapi? Hoja hiyo aliitoa Nicole Oresme wa Ufaransa katika karne ya 14, na kijana huyu hajapata kulisikia jina lake. Aliifikia mwenyewe, usiku, chumbani kwake Bombolulu.

Nilipopeleka jina lake nikajibiwa kwamba nafasi zilishafungwa tangu wiki ya usajili.

Programu inayomkosa mtu kama huyo haijui inachokitafuta. Ndiyo maana nasema tusiipake rangi tu, tuibomoe mlango na tuujenge mahali pengine.

#2 Mwalimu_Tudor

Naendelea. Wenzetu Marekani wamelishughulikia jambo hili kwa miaka mia moja, na kuna ya kuchukua na ya kuacha.

Mwaka 1922 chuo kidogo cha Swarthmore, chini ya mkuu wake Frank Aydelotte, kilianzisha masomo maalumu kwa wanafunzi waliokuwa tayari kwa kazi kubwa zaidi. Aydelotte alikuwa amesoma Oxford na akachukua mengi ya kule: vikundi vidogo, kusoma na kuandika kwa wingi, na mwishoni watahini kutoka nje ya chuo, mtihani wa kuandika na wa ana kwa ana. Mwalimu aliyekufundisha siye anayekupima. Hilo la mwisho nalitaka kama lilivyo.

Baadaye vyuo vikuu vya umma vikaingia. Texas kule Austin walianza programu yao mwaka 1935. Oregon wakafungua chuo kizima cha aina hiyo ndani ya chuo kikuu mwaka 1960. Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona kilianzisha chao mwaka 1988, na leo kina wanafunzi zaidi ya 7,000, mabweni yao na bwalo lao la kulia. Kazi ya utafiti ya kumalizia masomo ni lazima, na hilo ni zuri. Lakini mambo ya mabweni ya peke yao na kutangulizwa katika usajili wa masomo hayatufai. Kwetu hosteli hazitoshi. Ukimpa mmoja chumba kwa sababu ya alama, unamnyima mwingine ambaye kwao ni Garsen na hana jamaa mjini.

Mtu aliyenifungua macho hasa ni Uri Treisman, mwanahisabati. Miaka ya 1970 alikuwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na wanafunzi weusi walikuwa wakianguka vibaya katika kalkulasi. Walimu walikuwa na majibu tayari: hawana bidii, hawakuandaliwa vyema, nyumbani hawasukumwi. Treisman hakuyaridhia. Aliwafuata wanafunzi 20 weusi na 20 wenye asili ya Kichina, akatazama wanavyosoma. Weusi wengi walikuwa nyota wa shule zao, wenye bidii ya kutosha, na walisoma peke yao. Wale wa Kichina walisoma kidogo peke yao, kisha wakakutana, wakasahihishana, wakajua nani amekwama na wapi. Akaanzisha warsha. Na hapa ndipo penye siri yake: hakuifanya ya kuwasaidia wanaoanguka. Aliwaambia ni ya watu wanaotaka kufanya vizuri sana, akawapa maswali magumu kuliko ya darasani, wakayafanya kwa vikundi. Mtihani ulikuwa uleule wa kila mtu. Waliohudhuria wakawapita wengi waliokuwa wakiwashinda zamani.

Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Maryland, tawi la Kaunti ya Baltimore, kilianzisha programu ya Meyerhoff chini ya Freeman Hrabowski, ambaye baadaye alikuwa rais wa chuo hicho mpaka 2022. Walianza na vijana weusi wa kiume katika sayansi, baadaye wakawafungulia na wengine. Huko nako kusoma kwa vikundi si hiari, ni utaratibu. Wanaingizwa maabara mapema, na wanafuatiliwa mmoja mmoja. Kizzmekia Corbett, mmoja wa wanasayansi walioongoza utafiti wa chanjo ya Moderna ya Uviko-19, alipita humo.

Basi rai yangu. Mwaka wa kwanza warsha iwe wazi kwa kila anayetaka, bila kuuliza alama za KCSE. Mwishoni mwa mwaka huo, anayetaka kuendelea alete kazi yake: suluhisho, insha, mchoro, chochote alichokitengeneza, na akae na walimu wawili nusu saa akiieleza. Wanaokubaliwa wanaingia mwaka wa pili. Na wanachopewa ni kazi: semina ya watu wasiozidi 12, na mradi wa miaka miwili unaopimwa na mtu wa nje. Marupurupu yote yaliyopo yaondolewe.

Nasubiri maoni. Nipingeni kwa hoja.

#3 Komredi_Changamwe

Mwalimu, mimi niko uhandisi mwaka wa tatu. Wazo zuri, lakini niulize tunachokiuliza sote hosteli. Kazi ngumu itanishushia wastani? Nikiwa na 71 leo, nikajitia semina ngumu nikatoka na 67, mwajiri atakayeisoma nakala yangu ya matokeo hatajua kwamba nilichagua mlima. Ataona daraja la pili tu. Na sisi tunaolipa kwa mkopo wa serikali wa HELB, daraja la kwanza ndilo la kutegemea kupata ufadhili wa shahada ya pili.

Kwa hali hiyo wenye akili hasa watakwepa.

#4 Mwalimu_Tudor

@Komredi_Changamwe umegusa penyewe, na hili lazima liandikwe kwenye rasimu wazi wazi.

Warsha haina alama. Unaenda kufanya maswali magumu ili somo la kawaida likuingie, kisha unafanya mtihani uleule wa darasa zima. Kwa hiyo inakuinua, haikushushi. Mradi wa miaka miwili unachukua mahali pa mradi wa mwisho ambao ungeufanya hata hivyo, wala si mzigo juu ya mzigo. Semina ndiyo yenye utata. Rai yangu ni iandikwe kwenye nakala ya matokeo kwamba umefaulu au hukufaulu, isiingizwe kwenye wastani. Nikishindwa kuipitisha hiyo seneti, basi semina nayo iwe ya hiari. Sitakubali kijana aadhibiwe kwa kuchagua lililo gumu.

#5 Mama_Likoni

Mwalimu, hongera kwa kutuuliza wazazi kabla, maana mara nyingi tunapata habari mambo yamekwisha.

Binti yangu yuko mwaka wa kwanza. Anatoka chuoni saa kumi na moja, matatu mpaka feri, feri imejaa, akivuka apande tena mpaka Mtongwe. Akifika nyumbani giza limeingia. Hizo warsha zenu mtaziweka saa ngapi? Kwa sababu najua walimu, mnapenda jioni. Zikiwa jioni, mwanangu hatakuja, na wenziwe wa kike wa Kisauni na Mtwapa hawatakuja. Mtabaki na wavulana wanaokaa hosteli, kisha mtasema wasichana hawapendi hesabu.

#6 Mwalimu_Tudor

@Mama_Likoni umenena kweli kabisa, na nimeshuhudia hivyo hivyo katika vikundi vinavyojiunda vyenyewe.

Warsha iwe katikati ya mchana, ndani ya ratiba rasmi, na chumba kitengwe kwa kazi hiyo. Saa nane hadi saa kumi siku mbili kwa wiki ingefaa. Ijumaa saa sita mpaka saa nane haiguswi, ni Swala ya Ijumaa. Mwezi wa Ramadhani isivuke saa tisa, watu wawahi kufika nyumbani kabla ya futari. Mpanga ratiba atalalamika kwamba kumbi hazitoshi. Ni kweli hazitoshi, ila warsha haihitaji ukumbi. Inahitaji meza, ubao kila upande wa ukuta, na chaki.

#7 Mzee_wa_Makadara

Mwalimu mwanangu, nimesoma yote kwa makini.

Mimi nimefundisha shule za upili za pwani mpaka nikastaafu, na nilisoma Nairobi wakati bado ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kabla ya mwaka 1970. Mtahini wa nje si lazima umtoe Marekani. Sisi tulimrithi kutoka London, tangu chuo cha Nairobi kilipofungamana na Chuo Kikuu cha London mwaka 1961, na vyuo vyetu vikaendelea naye. Ila siku hizi mtahini huyo huletewa karatasi zilizokwisha kusahihishwa, azipitie na kutia saini. Mwanafunzi hamwoni. Ukiweza kumrudisha mtahini akae na mwanafunzi uso kwa uso, utakuwa umefanya la maana, hata kama mengine yote yatakataliwa.

Lakini nina pingamizi, nalo ni kubwa. Wajukuu zangu wawili wako vyuo vya umma. Mmoja amekosa alama za masomo matatu, kila akienda idarani anaambiwa arudi wiki ijayo. Wa pili alikaa nyumbani muhula mzima kwa sababu ya mgomo wa wahadhiri. Mfumo wa ufadhili wa 2023 umewagawa wanafunzi kwa bendi, yaani makundi ya kipato cha nyumbani, na mzazi mwenye kibanda Kongowea anaweza kuambiwa yumo bendi ya wenye nacho. Katika hali hii, chuo cha umma kinakaa kamati kujadili wachache walio bora? Fedha ni za walipa kodi. Mwalimu mzuri ukimtoa akafundishe watu 12, wale waliojaa ukumbini unawaachia nani?

Nijibu hilo, halafu nitajua nikuunge mkono au la.

#8 Mwalimu_Tudor

Shikamoo mzee wangu. Nimelilalia swali lako.

Alama zinazopotea ni dhuluma. Sina neno jingine. Na wala siamini kwamba programu nzuri inaweza kusimama juu ya idara inayopoteza alama za watoto wa watu. Kwa hiyo napendekeza liwe sharti: idara inayotaka kushiriki ibandike alama za CAT (majaribio ya ndani ya muhula) za wanafunzi wake wote, wale wa programu na wasio wa programu, kabla ya mtihani wa mwisho wa muhula. Isipofanya, haipewi nafasi. Wakuu wa idara wanaitaka programu hii kwa ajili ya jina, basi jina walilipie kwa kuwatendea haki wote.

Kuhusu mwalimu kutolewa kwa wengi akapewa wachache: ndiyo maana warsha ya mwaka wa kwanza naiona ndiyo moyo wa mpango, kuliko semina. Haiongozwi na mhadhiri. Inaongozwa na wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne, wanaolipwa kidogo kwa saa, na mhadhiri mmoja anaandaa maswali na kuzunguka. Wale wa ukumbini ndio haohao wanaoijaza warsha. Niliwahi kuijaribu kwa darasa langu bila ruhusa ya mtu, kwa maswali niliyoyatunga mwenyewe. Swali moja lilihusu maji ya Kilindini: wakati wa bamvua hupanda na kushuka zaidi ya meta 3, na kundi lilitakiwa kutoka kwenye jedwali la maji kujaa na kupwa mpaka kwenye mlingano, kisha watafute saa ambayo maji yanashuka kwa kasi zaidi. Msichana mmoja, baba yake mvuvi, alisema kasi iko katikati, wala si mwanzoni wala mwishoni. Wenziwe hawakumwamini. Akachora, wakabishana, na nilipofika kwenye meza yao walikuwa wamekwisha kuivumbua wenyewe derivativu (kasi ya badiliko) ya sine, ule mchoro wa wimbi, na maana yake wanaijua. Hao hawakuwa wa A.

Mzee, walio bora hatuwajui mpaka tuwape kitu kigumu cha kufanya. Orodha ya wiki ya kwanza inatuonyesha nani alisoma shule yenye maabara.

#9 Mzee_wa_Makadara

Marahaba. Lile sharti la alama za CAT liandike kwa wino mzito. Kwa hilo nakuunga mkono. Semina bado sijaridhika nayo, ila sitaipinga.

#10 Daktari_Mikoko

Nachangia kidogo upande wa miradi. Natafiti mambo ya bahari, na nimewasimamia wanafunzi wengi wa mwaka wa mwisho. Tatizo la mradi wa mwisho ni muda. Mwanafunzi anaanza Januari, Aprili anaandika ripoti. Huwezi kujua chochote cha mikoko ya Tudor kwa miezi mitatu. Msimu mmoja tu umeuona, kaskazi, na kusi hukuiona. Miaka miwili inabadilisha kabisa aina ya swali unaloweza kuuliza. KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari, iko Mkomani, hapa hapa mjini. Watahini wa nje wasiofungamana na chuo chako wanapatikana kwa nauli ya tuktuk.

Ombi langu: msiifanye ya sayansi peke yake. Kuna nyumba Mji wa Kale zenye tenzi na barua kwa hati za Kiarabu. Mashairi ya Muyaka bin Haji, mshairi wa mji huu, yalihifadhiwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua, na nakala zake ziko London. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeweza kuisoma hati ile ana mradi wa miaka miwili bila kuvuka kivuko.

#11 Mwalimu_Tudor

@Daktari_Mikoko nakubali yote, na hili la hati nalipeleka kamatini kama lilivyo.

#12 Fundi_Mitambo

Mimi ni fundi, nafanya kazi bandarini upande wa mitambo. Huwa tunapokea wanafunzi wa atachimenti, yaani mafunzo kazini. Wengi wanakuja na kitabu cha kujaza na barua ya kugongwa muhuri. Wanakaa miezi mitatu wanatazama. Sio kosa lao, hakuna aliyewapa swali la kuja nalo.

Yakhe Mwalimu, nikuulize: naweza kuleta maswali? Tunayo mengi. Kwa mfano ule mteremko wa kushukia feri Likoni. Maji yakipwa wakati wa bamvua mteremko unakuwa mkali, na magari ya chini yanakwaruza. Mtu angekaa na hilo miaka miwili, apime, atengeneze mfano, angetoka na kitu. Lakini kwa utaratibu wa sasa sijui hata nimwandikie nani chuoni.

Na nani atalipa?

#13 Mwalimu_Tudor

Yakhe Fundi, swali lako la feri nimelipenda. Huyo binti wa mvuvi nitampelekea.

Malipo: sitaki programu inayotegemea mfadhili, kwa sababu mfadhili akiondoka nayo hufa. Gharama kubwa hapa ni posho ya viongozi wa warsha na nauli ya watahini. Fedha inayotumika sasa kwa wageni mashuhuri, chakula cha hafla na vyeti vya kuchapishwa, ikigeuzwa, itabeba sehemu nzuri ya mwanzo. Vifaa vya mradi ni jambo jingine, na hapo ndipo taasisi na kampuni zinaweza kusaidia kwa kutukopesha vipimo badala ya fedha.

Na ndiyo, awepo mtu mmoja chuoni, ofisi moja yenye nambari ya simu inayopokelewa, wa kupokea maswali kutoka nje. Hilo halikuwa kwenye rasimu. Naliongeza leo.

#14 Binti_Kisauni

Nafundisha shule ya upili. Mwalimu, rasimu yenu imewafikiria watoto wa mtaala mpya? Kundi la kwanza limeingia Gredi ya 10 Januari 2026, kwa hiyo chuoni ni 2029. Wamelelewa kwa miradi tangu wadogo, baadhi yao watakuja wakiwa tayari kwa hiyo mnayoiita kazi ngumu. Lakini mfumo ni 2-6-3-3-3. Ile 3 ya mwisho ndiyo elimu ya juu. Digrii ikifupishwa kuwa miaka 3, mlango wa mwaka wa pili pamoja na mradi wa miaka miwili vinaenea vipi?

#15 Mwalimu_Tudor

Vinaenea kwa kubanana: mwaka 1 wa warsha, 2 ya mradi. Hakuna pa kupumulia, na mwanafunzi akiugua muhula mmoja mpango wake umevurugika. Kwa hiyo kwa kundi la 2029 napendekeza kazi ya kuombea nafasi ipokelewe mwishoni mwa muhula wa kwanza na tena mwishoni mwa wa pili, mtu achague. Dada, ukiwa tayari kuja kamatini kutueleza watoto hao wanafanya miradi ya namna gani sasa hivi, niandikie faraghani. Hakuna mwalimu wa shule hata mmoja katika kamati ile, na hilo ni pengo.

#16 Mzazi_Nyali

Samahani kwa kuchelewa. Kijana wangu ana A, anaingia chuo mwezi wa tisa. Alikuwa anaitazamia programu hii, na chumba cha hosteli pia tulikihesabia. Kwa mpango wenu mpya, bidii yake ya miaka 4 ya sekondari haina thamani?

#17 Mwalimu_Tudor

Ina thamani, na imeshamlipa: imempa kozi aliyoitaka kupitia KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, na inampa msingi ambao wengi darasani hawatakuwa nao. Aje warshani wiki ya kwanza. Akikuta maswali mepesi, aniambie, nitampa mengine. Mwisho wa mwaka alete kazi yake kama wenzake, na kama ni nzuri ataingia bila shaka yoyote.

Kuhusu chumba sitakuficha. Nitapiga kura vyumba vigawiwe kwa umbali wa nyumbani na uwezo wa mzazi. Toka Nyali mpaka Tudor ni kuvuka daraja.

Rasimu inarudi kamatini wiki ijayo ikiwa na nyongeza mbili kutoka humu: sharti la alama za CAT, na ofisi ya kupokea maswali. @Fundi_Mitambo, niletee vipimo vya ule mteremko kabla muhula haujafunguliwa, hata vya kukadiria. Na @Mama_Likoni, saa nane hadi saa kumi, Jumanne na Alhamisi: mwulize binti kama inamfaa, halafu unijibu hapa.